Uliza Mama Bustani: Kwani ule uwanja ulikuwa wa nani?

Wapendwa, mwezi huu meseji zimekuja nyingi na karibu zote ni za Kampala, kila mtu analia na mahali pa kukaa, mahali pa watoto kukimbia, mti uliokatwa, uwanja uliozibwa. Nimechukua sita. Moja nimeijibu kwa urefu maana imenigusa, yamenipata hata mimi, zingine nitapita haraka, mnisamehe.

Habari Mama Bustani. Nakaa Kisenyi, watoto watatu chumba kimoja. Jumapili nataka tu wakimbie kwenye majani, sitaki soda ya bei kali wala kulipa getini. Kila nikiuliza naambiwa lete pesa. Jiji zima hakuna mahali pa bure? – Mama wa Watatu

Dada yangu, mahali papo, shida ni pachache na kutoka Kisenyi lazima upande taksi. Mimi ningekupeleka kwanza mlima wa Kikaaya, shika taksi za njia ya Gayaza, kule kwenye hekalu la Wabahai. Lilifunguliwa 1961 na bustani yake imeshuka mlima wote, majani yamekatwa vizuri, miti mikubwa, na hawaulizi dini yako wala hawauzi tiketi. Sharti lao ni utulivu tu, mpira hapana, spika hapana, kwa hiyo watoto waambie mapema mkiwa bado kwenye taksi, si mkifika. Beba maji na muhogo wako nyumbani, na kaveera, mfuko wa plastiki, la kurudisha takataka, hilo nakuomba sana maana tukiacha uchafu na kule watafunga.

Karibu na wewe kuna Ziwa la Kabaka kule Mengo, lile alilochimbisha Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, miaka ya 1880, alitaka aliunganishe na Nalubaale, yaani Ziwa Victoria, apite na mtumbwi lakini halikufika. Kutembea kando yake jioni ni pazuri, ila yale ni maji ya kweli, yule mdogo usimwachie mkono. Bustani iliyo karibu na sanamu ya Uhuru pale mjini inasimamiwa na hoteli na wikendi maharusi wanaikodi sana, so usipange safari mpaka uwe umeuliza getini. Na Entebbe Botanical, iliyoanza 1898, kuna kiingilio ila mkishaingia ni siku nzima, ziwa, tumbili, miti ambayo watu watatu wakishikana mikono hawaizunguki. Hiyo iwekee akiba, iwe ya Idi au Krismasi.

Mama, mimi boda stendi yangu iko karibu na City Square. Miaka yote naona majani mazuri na polisi wamekaa, sisi tunakaa kwenye simenti ya barabara na jua. Ni dhambi mtu kukaa pale? – Boda wa Kampala Road

Si dhambi mwanangu, na swali lako ni zuri kuliko unavyofikiri. Pale jina lake siku hizi ni Constitution Square, uwanja wa Katiba, pako mbele ya Mahakama Kuu. Ilipokuja Walk to Work mwaka 2011, watu wanatembea kwa miguu kulalamikia bei ya chakula na mafuta, polisi walipaziba kabisa na toka hapo kwa miaka mingi raia wa kawaida akikanyaga anaulizwa anafanya nini. Naelewa serikali inaogopa umati. Lakini mtu anayetaka kula chapati yake chini ya kivuli saa saba mchana si umati, ni mtu mmoja na chapati moja, na jiji lisilompa hata hapo pa kukaa linamwambia wewe huku ni wa kupita tu.

Alafu angalia yaliyoipata jirani yake, Centenary Park ya Jinja Road. Hiyo ilitengwa kukumbuka miaka 100 ya jiji, toka 1890 mpaka 1990. Yakaingia mabaa, yakaingia marestoranti, kila kona ikawa na meza ya mtu, mwisho barabara ya juu nayo ikaja kuchukua sehemu yake. Zile baa zilipokuwa zinaingia sikumbuki kelele kubwa, na sababu naijua, wengi wetu tulishaacha kukaa pale kitambo, so kila kilichoondolewa hakikumkuta mtu. Kwa hiyo ukipita City Square na ukakuta geti liko wazi ingia, kaa dakika kumi kwa adabu, toka. Ukifukuzwa usibishane na askari, yeye ametumwa, nenda kwa kansala wako, diwani wa mtaa, muulize kwa mdomo wako ni sheria gani inakataza. Muulize na wenzako wa stendi wakiwepo.

Salaam aleikum Mama Bustani. Sisi ni vijana wa mpira huku Kawempe. Uwanja tuliocheza toka utotoni, wazee wetu pia walicheza, juzi Jumatatu asubuhi tumekuta mabati pande zote na mlinzi na mbwa. LC1, mwenyekiti wa mtaa, anasema hajui. Vijana wanataka kuyang'oa usiku. Uwanja ni wetu, wa umma, tufanyeje? – Kapteni

Aleikum salaam kapteni. Kwanza waambie wenzako mabati wasiyaguse, nakuomba kama mama yako. Mkiyang'oa, kesi inageuka, badala ya kuulizana uwanja ni wa nani tutaulizana nani kavunja mali, na nyinyi mtakuwa selo wakati mwenzenu anamwaga zege.

Sasa nikuambie yaliyonipata. Mtaani kwetu tulikuwa na uwanja kama huo, chini yake pembeni kulikuwa na mvule mkubwa, pale ndio wanawake tulikaa tukisuka nywele na kuuza mandazi, vijana wanacheza, Idi tunaswali hapo hapo, msiba ukitokea hema linasimamishwa hapo. Miaka thelathini. Asubuhi moja nikaenda na beseni langu nikakuta mabati mapya, yanang'aa mpaka yanaumiza macho, misumari bado ina kofia za mpira nyeusi, na chini kwenye majani ile alama ya penati, ile duara nyeupe iliyokauka, nusu iko ndani nusu iko nje. Nilisimama pale nikalia, sioni aibu kusema. Tukaandamana mpaka kwa LC, tukapiga kelele tumeibiwa, uwanja wa umma umeuzwa!

Kumbe haukuwa wa umma. Tulipokuja kufanya search, yaani kutafuta kwenye rejista ya ardhi, tukakuta ni mailo, ardhi ya kudumu ya mtu binafsi, ya familia moja toka zamani, mzee mwenye ardhi alikuwa mtu wa moyo, akaacha watoto wacheze, hakuandika popote. Alipokufa wajukuu wakagawana, mmoja akauza. Hakuna aliyetuibia. Tulikuwa wageni wa yule mzee miaka thelathini na hatukujua, hata asante hatukumwambia.

Hapa ndipo nataka vijana wote wa Kampala wanisikilize. Mahali pakiwa wazi haimaanishi ni pa umma. Uganda tuna ardhi za aina nne, mailo, frihold ya kumiliki moja kwa moja, lizi ya kukodi kwa miaka, na ile ya kimila, na huku Buganda mailo inatoka kwenye makubaliano ya mwaka 1900. Kampala zimechanganyika, ukivuka mtaro tu unatoka kwa Kabaka unaingia kwa mtu binafsi, ukivuka barabara uko kwenye ardhi ya serikali. Viwanja vingi tunavyoita vyetu ni ploti tu ambayo mwenyewe bado hajapata pesa ya kujenga. Siku akipata, mabati.

Kwa hiyo hatua yenu ya kwanza ni kujua, kupigana baadaye. Tafuteni namba ya bloku na ploti, jirani yeyote mwenye taitoli, hati ya ardhi, anaweza kuwaonyesha ramani yake na ploti ya kwenu itaonekana pembeni. Na hiyo namba mnaenda ofisi ya ardhi ya kanda mnaomba search, kuna ada ndogo, changeni, mnapewa karatasi inayosema mwenye ardhi ni nani. Alafu nendeni Division yenu, Kawempe ni moja ya zile sehemu tano za utawala wa jiji, ingieni kwa ofisa wa mipango, muulizeni kwenye plani hiyo ploti imechorwa nini, makazi, shule au mahali pa wazi. Toka sheria ya mipango ya 2010 nchi yote ni eneo la mipango, kwa hiyo asiwaambie haimhusu. Akiwazungusha njoo kesho njoo kesho, andikeni barua, kuna sheria ya kupata habari ya mwaka 2005, ofisi ya serikali ina siku 21 za kujibu. Hakikisheni kopi yenu inapigwa muhuri wa kupokea, na tarehe. Bila muhuri hiyo barua haijawahi kuwepo.

Mkikuta ni ya umma, hapo mna nguvu. Mnaenda na karatasi kwa kansala, kwa meya wa Division, kwa wakili anayesaidia bure kama mnampata, mnaomba kazi isimamishwe mpaka ijulikane nani aliidhinisha. Mkikuta ni ya mtu, basi ongeeni naye kama watu. Mwenye ardhi ana haki yake, siwezi kuwadanganya, ila nimeona mwenye ploti akikubali vijana wacheze mpaka siku ya kuanza kujenga, na nimeona pia wazazi wakienda shule ya jirani wakaomba uwanja wa shule ufunguliwe jioni na Jumamosi, wao wanaleta mlinzi. Na hapo hapo anzeni kuibana Division inunue hata kipande kimoja Kawempe iandike kwa jina la umma, maana huo ndio uwanja pekee ambao mtoto wako ataukuta.

Mtasema barua hazifanyi kitu. Nairobi mwaka 1989 walitaka kusimamisha jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, na Wangari Maathai alianza na barua, akaandika kwa wakubwa wa nchi yake na wa nje, akatukanwa mpaka bungeni, akaendelea kuandika, wafadhili wakajitoa na jengo likafa. Park ipo. Na hapa kwetu tulikuwa na ghorofa 60 yetu, wakati wa 2011 hivi ilitakiwa ikae kwenye ardhi ya Uganda Museum pale Kamwokya, watu wakaenda mahakamani, na leo ukipita makumbusho bado ipo na zile nyumba za nyasi nyuma na watoto wa shule wanakula lanchi kwenye majani.

Niandikie search ikitoka, kapteni. Nataka kujua jina lililoandikwa pale.

Mama naomba ushauri wa haraka. Niko Nansana, nimeletewa ploti upande wa swampu ya Lubigi, bei rahisi, na ina taitoli kabisa. Rafiki yangu anasema usinunue ile ni "mapafu ya jiji". Mi naona ni mbu na mafunjo tu, park gani ile? – Baba Shakira

Baba Shakira usinunue. Hilo ndilo jibu la haraka, sasa kaa nikueleze.

Kampala imejengwa juu ya vilima na katikati ya kila kilima na kilima kuna bonde, na kwenye bonde ndiko swampu. Mvua ikinyesha nusu saa maji yote ya mabati na lami yanateremka kwa wakati mmoja. Swampu kazi yake ni kuyapokea, yale mafunjo mizizi yake imeshikana kama mkeka unaoelea, maji yakiingia yanapunguza mbio, tope linazama, na mizizi inakula ule uchafu wa mbolea na wa vyoo kabla maji hayajaendelea. Ukijaza maramu, ule udongo mwekundu wa kujazia, ukajenga, yale maji hayapotei, yanarudi nyuma. Ndio maana Bwaise inafurika kila msimu, wenye nyumba wanajenga kaukuta kwenye mlango, mtu anaruka kwanza ndio aingie sebuleni. Maji ya Bwaise yanataka kwenda Lubigi, toka Lubigi yaingie mto Mayanja, kisha mto Kafu, mpaka Nile. Tunayazibia njia alafu tunashangaa yamelala kitandani.

Upande wa pili wa jiji ni vilevile, mtaro wa Nakivubo unabeba uchafu wa mji mzima kupeleka ziwani kwenye ghuba ya Murchison, na kilomita chache tu kutoka hapo, Ggaba, ndiko wanakovuta maji tunayokunywa. Katikati palikuwa na mafunjo mengi. Watu wamelima mayuni, yaani magimbi, wamechimba mitaro ili shamba likauke, viwanda vimeingia, na maji machafu siku hizi yanapita mbio bila kusafishwa, kwa hiyo Ggaba wanaongeza dawa na hiyo dawa mimi na wewe tunalipa kwenye bili. Ukiniuliza mimi, hiyo ndiyo park kubwa kuliko zote za Kampala hata kama huwezi kutandika mkeka ukakaa.

Na taitoli isikudanganye. Katiba yetu ya 1995, kifungu cha 237, inasema maziwa, mito, swampu, misitu ya hifadhi, serikali imeshika kwa niaba ya wananchi wote, haiwezi kuwa ya mtu mmoja. Mwaka 2014 baraza la mawaziri likaamua taitoli zilizotolewa kwenye swampu kinyume cha sheria zifutwe, na 2024 si uliona mwenyewe kule Lubigi nyumba zilivyobomolewa, mama anatoa godoro, tingatinga linasubiri? Aliyekuuzia hatakuwepo siku hiyo. Kando ya ziwa napo ni hivyo, mita 200 kutoka maji ya Victoria ni eneo la kulindwa, asije mtu akakuuzia "lake view" hukumuuliza umbali.

Ongeza hela kidogo, panda juu kilimani.

Mama Bustani, kwenye mti wetu wa mtaa wamehamia kaloli, wale ndege wakubwa wa jalalani. Wananuka, wanamwaga mavi kwenye nguo, jirani anataka mti ukatwe. Naupenda ule mti. Nimwambie nini? – Dada wa Wandegeya

Mwambie kaloli amekuja kwa sababu ya jalala, si kwa sababu ya mti. Mkikata atahamia mti wa pili, jalala likiwa hapo hapo mtakuwa mmebaki na harufu bila kivuli. Mwangalie siku moja vizuri akiwa chini, ni ndege mrefu karibu mita moja na nusu, kichwa kina upara, mfuko mwekundu unaning'inia kifuani, na miguu ni kama imepakwa chokaa. Sio chokaa, anajisaidia kwenye miguu yake makusudi ili apoe wakati wa jua. Ndio maana nguo zenu zinaumia. Hamisheni kamba ya nguo, mtaa wote mtoe takataka siku gari linapopita tu, mzifunge vizuri, na wakimaliza kulea vifaranga tafuteni mtu apunguze matawi ya upande wa nyumba. Kabla ya kugusa mti ulio kwenye barabara omba ruhusa Division, hata kama ni tawi. Mi mwenyewe nawapenda wale ndege, tunawacheka lakini wanakula mizoga na matumbo ya samaki ambayo sisi tumeshindwa kuokota.

Habari za kazi. Tumepata kakipande ka majani mbele ya msikiti wetu, Bombo, kama mita kumi kwa nane, hati ipo kwa jina la msikiti. Tunataka kivuli cha watu kukaa baada ya swala. Tupande mti gani? Wengine wanasema ashoka, wengine mutuba. – Hajji, Bombo

Hajji wangu, umenifurahisha na hilo neno hati ipo. Kapteni wa Kawempe akusome.

Ashoka hapana, ule ni mti wa kupanga kwenye fensi, unakwenda juu mwembamba kama mshumaa, kivuli chake hakitoshi hata kiti kimoja. Mutuba ni mzuri sana, unaota kwa kukata tawi nene tu ukalichomeka, na ndio ule wa kutoa lubugo, kitambaa cha gome, UNESCO walitambua ile kazi mwaka 2005, unabandua gome na mti unaota gome jingine. Lakini mutuba mizizi yake ina nguvu na mita kumi kwa nane ni padogo, miaka ijayo itanyanyua sakafu ya msikiti. Kama mna nafasi ya kuuweka mbali na ukuta, weka kona ya mbali kabisa. Kama hamna, pandeni mwembe au fenesi, hapo kivuli kinapatikana na watoto wa madrasa watakula. Mmoja tu, msijaze. Na angalieni juu kama kuna nyaya za umeme kabla hamjachimba, watu wengi wanaangalia chini tu.

Subirini mvua za Machi, au zile za Septemba kama Machi imewapita. Chimbeni shimo la futi mbili kwa mbili wiki mbili kabla, ule udongo mweusi wa juu wekeni pembeni, wa chini mwekundu wekeni upande mwingine, mkirudisha uanze mweusi uliochanganywa na samadi ya zamani, si mbichi, mbichi inachoma mizizi. Zungushieni fito za kuzuia mbuzi. Majani chini yake msiweke paveri, najua mtashauriwa paveri maana ni rahisi kufagia, acheni majani ya paspalamu yaote, maji yaingie ardhini na mtu akae bila kuungua. Na yale maji ya udhu, badala ya kuyaacha yapotee kwenye mtaro, chimbeni kanjia kadogo yafike kwenye shina, mara tano kwa siku mti unakunywa na hakuna mtu aliyebeba ndoo.